Pampu ya Tatu Inakohoa

Saa nane na robo usiku, Barka.
Mtambo unakunywa bahari na kutema chumvi,
na pampu ya tatu imeanza tena:
khe, khe. Kimya. Khe.
Skrini imeganda, namba hazipandi wala hazishuki.

Zamani ningetembea hatua thelathini,
nipite jiko la chai, nigonge chumba cha kumi na nne.
Shinuna angenyanyua kichwa,
miwani juu ya mtandio, bisibisi nyuma ya sikio:
"Kikohozi kikavu au cha makohozi?"
"Kikavu."
"Basi si pampu. Ni kihisi. Twende."
Kwa Kiswahili hicho hicho cha mama zetu,
kilichokuja nao kutoka Unguja kati ya kanga na vyeti vya kuzaliwa,
tulitibu mitambo ya Kijapani.

Chumba cha kumi na nne sasa ni stoo ya viti.
Shinuna walimpa saa ya ukutani
na barua yenye shukrani tatu.
Msaada, tukaambiwa, umehamia ng'ambo.
Huko ni nafuu, na huko hawalali.

Sasa najaza fomu.
Aina ya tatizo, chagua moja:
Haifanyi kazi. Inafanya kazi polepole. Nyingineyo.
Nimeitafuta "inakohoa" mpaka chini ya ukurasa.
Nachagua Nyingineyo,
na Nyingineyo hupangwa mkiani mwa foleni.

Mundhir, mhandisi wa mwaka wa pili,
amesimama mbele ya kabati la umeme, mikono mfukoni.
Digrii yake ina mhuri wa dhahabu.
Kabati hili hajapata kulifungua.
Sheria: usiguse kabla tiketi haijapata mwenyewe.
"Tusubiri," anasema, wala si kwa uvivu;
kusubiri ndiko alikofundishwa.
Namtazama vidole: safi, laini,
hakuna hata kovu moja.

Saa tisa kasoro tano simu inaita.
Jina lake Jovelyn, yuko Cebu.
Kwao kumeshakucha, jogoo anawika nyuma yake.
Anasoma. Nasikia kabisa kwamba anasoma:
zima, hesabu thelathini, washa.
Namwambia nikizima, mitaa mitatu itaamkia mabomba makavu.
Ananyamaza. Karatasi yake haina mstari wa hilo.
Kisha, kwa sauti ya chini, isiyo ya karatasi:
"Samahani, bibie. Pampu hiyo sijaiona.
Sijaona pampu yoyote. Ina ukubwa gani?"
"Wa ng'ombe aliyelala."
Akacheka, nami nikacheka,
na dakika zetu saba zikaisha.

Fimbo ya mbali haiui nyoka; wahenga waliishia hapo.
Hawakusema fimbo yenyewe inajisikiaje,
imeinuliwa usiku kucha
na mkono wa nani haiujui.

Nikampigia Shinuna, kwa simu yangu, kwa vocha yangu.
Siku hizi anatengeneza mashine za kuhesabia fedha, duka la vyakula, Seeb.
Alipokea mlio wa pili. Hakuuliza nani.
"Isogezee simu."
Nikaibandika simu kwenye tumbo la pampu.
Khe. Khe, khe.
"Waya wa kijani, wa pili kutoka juu, umelegea.
Na afungue huyo kijana, si wewe."

Alifungua. Bati likamkwaruza, damu tone moja,
hakusema kitu.
Saa tisa na nusu namba zikaanza kupanda.

Alfajiri, ujumbe: Tatizo limefungwa.
Umeridhika kiasi gani, moja hadi tano?
Chini ya tano, Jovelyn anakatwa posho.
Nikabonyeza tano.

Mwisho wa mwezi meneja atatandaza chati mezani,
tano, tano, tano, mstari mnyoofu kama uzi wa mwashi,
atasema: "Mnaona?"
Tutaitikia kwa vichwa.
Mundhir atakiweka chini ya meza
kidole cha shahada,
chenye kovu.